Mikono Iliyokumbuka Barabara ya Zamani

Pikipiki ya mwisho niliyoiendesha kila siku ilikuwa Honda XL 125 nyekundu, mali ya kazi, ambayo niliikabidhi stoo mjini Lushoto mwaka 2002 pamoja na kofia ngumu, pampu ya mkono na boksi la spana. Nilikuwa na miaka 35, nimepata uhamisho kwenda Morogoro kwenye kazi ya mezani, na mtunza stoo alipokuwa akiandika namba ya injini kwenye daftari lake mimi nilikuwa nikiangalia saa, kwa sababu basi la kushuka Mombo lilikaribia kuondoka. Niliamini nitapata pikipiki nyingine huko niendako, na kama sivyo, nitanunua yangu. Ilipita miaka 21 kabla sijakaa tena juu ya kiti cha pikipiki na kushika usukani wake.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, ambao najua ni wengi: mabwana shamba, maofisa wa afya, waratibu wa elimu, makatekista na wachungaji waliopita vijijini kwa pikipiki miaka ya 1980 na 1990, wakaacha, na sasa wamestaafu na wanatamani kurudi. Nina jambo moja la kuwaambia, nalo lilinichukua miezi kadhaa kulielewa. Ujuzi haupotei, mikono na miguu inakumbuka karibu kila kitu. Lakini inakumbuka barabara ile iliyoifundisha, na barabara ile haipo tena.

Kati ya 1993 na 2002 eneo langu lilikuwa vijiji vya juu ya Lushoto, kupita msitu wa Magamba kuelekea Lukozi, na mara mojamoja hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi, ambako ukisimama unaona tambarare za Mkomazi zimelala chini, mbali. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi wakulima wapande majani ya Gwatemala kwa mistari inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa, ili mvua ya masika isishushe udongo wote bondeni. Mashamba ya kwetu Usambaani yako kwenye miteremko mikali. Mvua moja kubwa yaweza kuchukua rutuba ya miaka. Kwa hiyo nilikuwa barabarani siku tano kwa juma, juu ya udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi laini kama unga na masika ni utelezi ambao hata ng'ombe huukanyaga kwa kusitasita.

Barabara ile ilikuwa tupu. Katika safari ya saa nzima niliweza kukutana na lori moja la kabichi, Land Rover ya misheni na basi la asubuhi, basi. Mlio wa injini yangu ulinitangulia. Watoto waliusikia kutoka ng'ambo ya bonde na nilipofika nilikuta mkulima ameshanawa mikono akinisubiri. Utupu huo ndio ulionifundisha kuendesha, nao ulinifundisha mambo ambayo wakati ule yalikuwa na maana. Nilipita katikati ya barabara, kwa sababu pembeni palikuwa na mifereji iliyochimbwa na mvua. Nilikata kona kwa ndani, kwa sababu ndiko palikuwa pamekauka. Nilipiga honi mara mbili kabla ya kona iliyofungwa na nikaamini kwamba honi inatosha, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili, kama yupo, alikuwa mtembea kwa miguu mwenye tenga la mapeasi kichwani, na alisogea.

Morogoro sikununua pikipiki. Watoto walikuja, ada zikaja, kazi ikawa na gari lenye dereva, na mtu akizoea kukaa kiti cha nyuma hujikuta ameacha kutazama barabara kabisa. Nilistaafu kwa hiari mwaka 2023, nikiwa na miaka 56, tukarudi Lushoto kwenye shamba la marehemu baba. Shamba hilo liko mbali kidogo na kituo cha magari, na njia yake haipitiki kwa gari dogo wakati wa mvua. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Sababu ya kweli nilikuwa nayo tangu usiku wa kwanza, niliposikia pikipiki ikipanda kilima kwa gia ya pili, nikajua kwa sikio kwamba mwendeshaji amechelewa kupunguza gia, na mguu wangu wa kushoto ukajikunja wenyewe ndani ya blanketi.

Mama watoto amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia wodi za upasuaji. Hakunikataza. Alikaa kimya jioni nzima, kisha akasema, "Baba watoto, kofia kwanza, pikipiki baadaye. Na kofia nitaichagua mimi." Aliongeza masharti mengine mawili: nisiendeshe usiku, na nisimpakize mtu yeyote hadi yeye mwenyewe aseme nimeiva. Nilikubali yote matatu. Katika maisha yangu nimepokea ushauri mwingi wa wataalamu, lakini sijapata kupokea ulio bora kuliko huo.

Tulikwenda Tanga kununua kofia. Alizigeuza moja moja dukani, akatafuta alama ya herufi E iliyozungushiwa duara, inayoonyesha kwamba aina hiyo ya kofia imepimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa, akabonyeza sponji gumu la ndani kwa kidole gumba, akanivalisha na kuniambia nitikise kichwa. Kofia inayocheza kichwani huchomoka mtu anapoanguka, hata kama mkanda wake umefungwa. Akanieleza pia kitu ambacho miaka ya 1990 sikukijua: kwamba tabaka lile la ndani hufanya kazi kwa kujipondaponda lenyewe badala ya fuvu, na likishapondeka halirudi lilivyokuwa, kwa hiyo kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena hata kama nje inang'aa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa mwendeshaji anayepata ajali kufa kwa takribani asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Mke wangu hakuzihitaji takwimu hizo. Alikuwa ameziona kwa macho, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Kofia ile ilitugharimu zaidi ya vitu vingine vyote nilivyovaa siku hiyo kwa pamoja, na naomba kila anayesoma haya na kupanga kurudi barabarani aanze hapo.

Pikipiki yenyewe niliipata kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye anaendesha bodaboda kwenye kijiwe kimoja karibu na soko la Lushoto. Alikuwa anaijua pikipiki ya cc 125 iliyosimama chini ya mparachichi kwa miaka miwili baada ya mwenyewe kuhamia mjini. Niliposikia kwamba imetembea kilomita chache nilifurahi. Mpwa wangu hakufurahi. "Mjomba," alisema, "pikipiki inayokimbia kila siku inachakaa, lakini inayokaa inaoza."

Alikuwa sahihi kabisa. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ilikuwa imekauka na kuacha gundi iliyoziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta, ndiyo maana ilipopigwa kiki iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Tenki lilikuwa na kutu ndani, sehemu ile ya juu ambayo petroli haikuifikia. Cheni ilikakamaa kwenye maungio. Tairi ndizo zilizonidanganya zaidi, kwa maana kashata zake, yale meno ya raba, zilikuwa bado nene na mimi ningeziacha. Mpwa wangu aliinama, akafuta vumbi pembeni ya tairi na kunionyesha kidude cha mviringo kama yai chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Raba ya miaka tisa iliyokaa juani huwa ngumu, na raba ngumu haishiki lami yenye unyevu. Tulibadilisha tairi zote mbili na tyubu zake, cheni pamoja na sproketi zake mbele na nyuma, nyaya za klachi na breki, viatu vya breki, plagi na oili. Fundi alisafisha kabureta kwa siku nzima. Nilikaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikishika spana alizoniomba, na harufu ya petroli kwenye vidole ilinirudisha mbali kuliko picha yoyote ninayoitunza nyumbani.

Alasiri ya kwanza tuliendea uwanja wa mpira wa shule ya jirani, wanafunzi wakiwa likizo. Nilivuta klachi, nikaingiza gia, nikaiachia taratibu hadi nikahisi injini inashika, na pikipiki ikaondoka bila kushtuka. Nilizunguka uwanja mara moja, mara mbili, mara kumi. Mabega yalishuka yenyewe. Mwili ulilala kwenye kona bila kuulizwa, kidole kimoja kikatulia juu ya wenzo wa breki ya mbele jinsi kilivyotulia kwa miaka tisa, na nilipofika golini nilijikuta nimesimama, mguu mmoja chini, bila kukumbuka ni lini nilipunguza gia. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi. Nilimwambia, kwa furaha ambayo sikuweza kuificha, kwamba hakuna kilichopotea. Alitabasamu kwa adabu na hakujibu.

Wiki moja baadaye niliteremka kuelekea Mombo.

Barabara ya Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita 33 hivi na ni ya lami. Inaanzia mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, inapita Soni penye maporomoko ya maji, kisha inaingia kwenye korongo na kushuka ikijipindapinda, ukuta wa mwamba upande mmoja na upande wa pili bonde. Chini ya Soni kuna kona ambazo huoni kilicho mbele mpaka umefika katikati yake. Mteremko mrefu namna hiyo haushuki kwa breki. Breki za ngoma, zile za viatu vinavyokwaruza ndani ya kitovu cha gurudumu, zikishikwa mfululizo hupata joto, na zikipata joto sana hulegea: unabana, na pikipiki inaendelea kwenda. Unashuka kwa gia. Unaingiza gia ya chini, unaachia mafuta, na injini yenyewe inaizuia pikipiki. Hili nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Kwenye Honda ile ya kazini, gia ya kwanza ilikuwa chini na nyingine zote juu: kupunguza gia ulikanyaga, kuongeza ulinyanyua kwa ncha ya kiatu. Kwenye pikipiki niliyoinunua, kama zilivyo nyingi ndogo za siku hizi, kanyagio lina pande mbili, la vidole na la kisigino, na gia zake zote huingia kwa kukanyaga mbele. Kupunguza unakanyaga nyuma, kwa kisigino. Uwanjani nilikuwa nimelizoea jambo hilo, au nilidhani nimelizoea, kwa sababu uwanjani nilikuwa na nafasi ya kufikiri.

Chini ya Soni, kwenye gia ya tatu, nilitokeza kona na kukuta Coaster inapanda, na nyuma yake bodaboda wawili wanachomekea kuipita, mmoja wao akiwa amepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Walikuwa upande wangu. Mimi nami, naomba niseme ukweli wote, sikuwa upande wangu kikamilifu. Nilikuwa nimekata kona kwa ndani kama nilivyofanya mwaka 1995. Mguu wangu ulifanya haraka kile ulichofundishwa: ulikanyaga mbele ili kupunguza gia. Gia ya nne iliingia. Injini ikanyamaza, pikipiki ikachomoka mbele kama iliyoachiwa kamba, na kwa sekunde ambayo bado naiota nilikuwa naongeza mwendo kuelekea kwenye taa ya bodaboda nikiwa nimeamini kwa mwili mzima kwamba ninapunguza.

Aliyeniokoa ni yule kijana mwenye mshikaki. Alijibana kwenye ubavu wa Coaster kiasi kwamba saiti mira yake iligusa bati, nikapita. Nilisimama mbele kidogo, penye kibanda cha ndizi, nikaweka stendi, nikakaa chini kwa sababu miguu haikunibeba. Mpwa wangu, aliyekuwa akinifuata nyuma kwa pikipiki yake, alisimama, akazima injini, akakaa karibu nami. Hakunilaumu. Baada ya muda mrefu aliniambia, "Mjomba, unaendesha vizuri sana. Lakini unaendesha kama uko peke yako."

Sijawahi kupewa maelezo mafupi na sahihi zaidi juu ya nafsi yangu. Nilikuwa nimetafuta hitilafu kwenye mwili, nikihofia macho yamepungua au mikono imepoteza nguvu, kumbe hitilafu ilikuwa ndani ya ustadi wenyewe. Mtu asiyejua kitu huogopa, na hofu humpunguzia mwendo. Mimi nilijua, na nilichokijua kilikuwa sahihi kwa dunia iliyokwisha.

Maana dunia ile ilikwisha kwa kasi. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine. Baiskeli zikawa pikipiki, na pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoanza kumiminika miaka ya 2000, biashara hiyo ikaenea Afrika Mashariki yote. Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008. Kwetu Tanzania kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, maana yake ni kwamba kufikia wakati huo serikali ilikuwa inaandika kanuni za kitu kilichokwisha kujaa barabarani. Mimi nilikuwa Morogoro, kiti cha nyuma. Mwaka 2002 niliiacha Lushoto ambako kila mwenye pikipiki alijulikana kwa jina. Niliporudi, kwenye kijiwe cha mpwa wangu peke yake nilihesabu pikipiki 26.

Kuna wenzangu wanaowazungumzia vijana hawa kwa dharau, na mimi zamani nilikuwa mmoja wao. Siwezi tena. Ni kweli kwamba wapo wanaochomekea, wapo wanaopakia watatu, na wapo walioingia barabarani kabla ya kufundishwa. Lakini mpwa wangu huwa barabarani saa kumi kwa siku, juma zima, na ameendesha kilomita nyingi kuliko nitakazoendesha maishani. Kama kuna mtaalamu wa barabara ya leo, ndiye yeye. Nilimwomba anifundishe. Kwetu Wasambaa mjomba ni mtu mkubwa kwa mpwa wake, na niliona jinsi ombi hilo lilivyomtia aibu. Kwa majuma mawili hakuweza kunikosoa bila kuanza na "samahani mjomba". Nilimwambia kwamba kila anaposema samahani mimi nakuwa nimeshaikaribia kona, na tangu siku hiyo akaacha.

Mafundisho yake hayakuhusu mikono hata kidogo. Yote yalihusu macho. Gari likiwa limeegeshwa, tazama gurudumu la mbele kabla ya kutazama dereva, kwa sababu dereva anaweza kukutazama bila kukuona, lakini gurudumu likigeuka gari linakuja. Tazama chini ya basi lililosimama; ukiona miguu inasogea kuelekea mbele yake, kuna mtu anataka kuvuka. Mpira ukivuka barabara, usitazame mpira. Ukikuta majani mabichi yametawanyika kwenye lami, lori la kabichi limepita hapa na mbele kuna utelezi. Akisimama bodaboda mwenzako ghafla bila abiria kushuka, ameona kitu ambacho wewe hujakiona. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuisoma ardhi, yaani mchanga, tope, mifereji na mizizi, na hilo nililifanya vizuri kuliko yeye. Alikiri hivyo siku mvua ilipotukuta juu ya Magamba. Kuwasoma watu nilikuwa sijafundishwa, kwa sababu watu hawakuwepo.

Yapo pia ya mwili, na nisiyafiche. Macho yangu ya miaka 56 hayazoei giza upesi yanapotoka juani na kuingia kivulini, na barabara ya msituni ni mistari ya jua na kivuli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Taa za gari linalokuja jioni hunipofusha kwa muda ninaoweza kuuhesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki huenda karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kuchelewa kuona si jambo dogo. Na ukiongeza mwendo kutoka 30 hadi 60, umbali unaohitajika kwa breki kukusimamisha hauwi mara mbili, unakuwa kama mara nne. Nimechagua kwenda polepole, na polepole yangu ina hesabu: nisizidi mwendo unaoniwezesha kusimama ndani ya sehemu ya barabara ninayoiona. Kwenye kona za Soni mwendo huo ni mdogo kuliko fahari yangu ilivyotaka.

Gia nilizifundisha upya uwanjani. Kila alfajiri kwa miezi mitatu, kabla ya jua kuchomoza juu ya mikaratusi, nilikwenda mwendo wa kati, nikajipa amri ya ghafla kwa sauti, "Simama!", nikabana breki ya mbele kwa kuongeza nguvu taratibu huku uzito wote ukihamia mbele, nikakanyaga kisigino mara moja, mara mbili, nikasimama. Mara 20 kila asubuhi. Mwanzoni vidole vya mguu vilitangulia, na nikavihisi vinashuka kama mbwa aliyezoea kuitwa jina lingine. Mwezi wa pili vilianza kusita. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, kuku alikatiza mbele yangu njiani kwenda shamba, nikasimama, na nilipotazama chini niliona kisigino kimekaa nyuma ya kanyagio na gia iko ya kwanza. Nilikaa palepale na injini ikiunguruma, nikamshukuru Mungu.

Na baada ya hapo nilianza kuvipata vile vitu nilivyovirudia. Baridi ya Magamba inayoingia kwenye mikono ya koti, harufu ya msonobari uliokatwa, moshi wa jikoni unaolala bondeni saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya gari milima ni picha inayopita dirishani. Juu ya pikipiki unaihisi ikibadilika joto kila unapopanda, na unajua umefika Lukozi kabla ya kuiona, kwa harufu ya vitunguu na viazi vibichi vinavyopakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam.

Mwezi wa nane mwaka jana nilifunga safari peke yangu kuelekea Mtae kumtembelea mzee mmoja ambaye nilimsumbua sana miaka ya 1990 kuhusu kontua. Nilimkuta hai, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, macho yake yamefifia. Alisikia injini ikizimwa, akauliza, "Ni bwana shamba?" Nilimwamkia, tukakaa, kisha mjukuu wake akanipeleka shambani. Mistari ya Gwatemala ipo. Si yote, miwili aliing'oa akapanda viazi. Lakini mitano imeshika, na juu ya kila mmoja udongo umejikusanya mpaka mteremko umekuwa ngazi pana ambazo unaweza kusimama juu yake bila kushika kitu. Mjukuu alidhani mlima umeumbwa hivyo.

Wakati wa kurudi, nilipofika Lukozi saa kumi na moja jioni, ukungu ulikuwa umeshuka pamoja na manyunyu, ule ukungu mzito ambao unauona mkono wako lakini huoni kilicho mbele yake. Nilisimama penye hoteli ndogo ya chai. Mikono yangu iliijua njia ile, kila kona kati ya Lukozi na Lushoto, na miaka 25 iliyopita ningeendelea nikipiga honi mara mbili kila kona. Niliihisi ikitaka kuendelea. Nilimwomba mama mwenye hoteli aniruhusu niiingize pikipiki uani, nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, nikapanda Noah ya mwisho nikiwa nimepakata kofia mapajani. Njiani, katikati ya Magamba, tulikuta lori la kabichi limesimama bila taa.

Nilimpigia mpwa wangu simu nikiwa bado garini. Kulipokucha tulipanda pamoja kuifuata. Pikipiki ilikuwa imelowa umande. Aliifuta kiti kwa kitambaa, akakagua cheni, akanipa ufunguo. Nilidhani anataka kuendesha yeye, kwa kuwa ndiye dereva wa kazi, lakini alizunguka akasimama upande wa nyuma. Nilimkumbusha sharti la mkewe mjomba wake. Akasema alimpitia jikoni kabla hatujaondoka, na kwamba amemruhusu. Akafunga mkanda wa kofia yake, akaninyooshea mkono na kuukaza wa kwangu, kisha akapanda.